Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza, kwa Mfano wa "Alert"

Kila nikianza darasa jipya la Kiingereza, maswali ni yaleyale. "Mwalimu, si kila neno lenye 'al' mwanzoni ni la Kiarabu?" "Mwalimu, kweli 'news' ni herufi za pande nne za dunia?" "Mwalimu, nikijua asili ya neno si ndiyo nimejua maana yake halisi?" Majibu ni hapana, hapana, na hapana. Lakini hapana tatu hazimsaidii mtu kufanya kazi hii mwenyewe, ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Tutachukua neno moja tu na kulifuata hadi mwisho: "alert". Unalijua. Liko kwenye ujumbe wa benki, kwenye matangazo ya uwanja wa ndege, kwenye fomu ya nesi. Nimelichagua kwa sababu ni fupi, njia yake imeandikwa vizuri, na katikati yake pana mtego ambao wanafunzi wangu wengi hunasa. Ukishalifuatilia hili, maneno mengine utayaweza kwa utaratibu huuhuu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari na kalamu. Najua una simu, lakini ngazi ya neno, yaani orodha ya maumbo yake kushuka kutoka la leo hadi la kale zaidi, huchorwa vizuri zaidi kwa mkono.

Kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno. Merriam-Webster ipo bure mtandaoni, na tovuti ya Etymonline pia ni bure. Kubwa kuliko zote ni Oxford English Dictionary, ambayo ni ya kulipia. Kama unasoma au unafanya kazi chuo kikuu, waulize wakutubi kabla hujakata tamaa. Chukua angalau mbili. Kamusi moja ni shahidi mmoja.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, au nyingine unayoiamini.

Saa moja isiyo na usumbufu. Huhitaji kujua Kilatini wala Kifaransa.

Hatua ya 1: Liweke neno kwenye sentensi za leo

Usianze na Roma. Anza na jana ulipolisikia neno. Andika sentensi moja kwa kila kazi ambayo neno linafanya, na chini yake andika ungesemaje kwa Kiswahili bila kufungua kamusi.

Kivumishi: "Stay alert." Kaa chonjo, au kuwa macho.

Nomino: "I got an alert from the bank." Nimepata ujumbe wa benki. Wenye simu za Kiswahili watasema arifa.

Kitenzi: "Neighbours alerted the police." Majirani waliwaarifu polisi.

Tazama ulichoandika. Neno moja la Kiingereza, na Kiswahili kimetoa makundi mawili yasiyofanana hata kidogo: chonjo na macho upande mmoja, ujumbe, arifa na kuarifu upande wa pili. Hapo umeshajifunza jambo ambalo kamusi isingekueleza upesi hivyo: "alert" lina sehemu mbili, hali ya mtu aliye macho na tendo la kumfanya mwingine awe macho.

Onyo kwa watafsiri: msikimbilie "tahadhari" kila mahali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi zenye majina yake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ukiandika "tahadhari" kwa kila "alert" inayopita mbele yako, unaweza kumpandishia msomaji hatari kwa ngazi nzima, au kumshushia. Na mvuvi hasomi kamusi, anasoma ulichoandika wewe.

Hatua ya 2: Soma sehemu ya asili kwenye kamusi, alama kwa alama

Sehemu hii huwa na maandishi madogo, mara nyingi ndani ya mabano, na wanafunzi wengi huiruka kwa sababu inafanana na hesabu. Si hesabu. Alama zenye kazi ni chache:

"<" ina maana ya "limetoka kwa". Isome kuelekea kulia: kilichoko kulia ndicho cha zamani zaidi.

Nyota kabla ya neno (*) ina maana kwamba umbo hilo halijakutwa popote kwenye maandishi. Wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha.

"c." kabla ya mwaka ni "takriban".

"L" ni Kilatini, "It" ni Kiitalia, "OE" ni Kiingereza cha kale.

Kosa la kawaida kuliko yote liko hapa: katika kamusi za kuchapwa za Merriam-Webster, "F" kubwa ni Kifaransa, lakini "fr." ndogo ni "kutoka". Mwanafunzi wangu mmoja alikuja na daftari limejaa Kifaransa ambacho hakikuwepo. Kila "kutoka" aliifanya Kifaransa, hata neno la Kijerumani likapita Paris. Kwa hiyo soma kwanza ukurasa wa vifupisho wa kamusi yako, ule ambao hakuna anayeusoma.

Hatua ya 3: Chora ngazi, ukishuka daraja moja kwa wakati

Andika neno juu ya ukurasa, kisha shuka. Kwa "alert" ngazi inakuwa hivi:

alert, Kiingereza
alerte, Kifaransa
à l'erte, Kifaransa cha awali, maneno matatu
all'erta, Kiitalia
erta, Kiitalia: mteremko mkali, mwinuko
ergere, Kiitalia: kuinua
erigere, Kilatini: kuinua, kusimamisha

Chini kabisa Kilatini chenyewe kinavunjika: "ex", yenye wazo la kutoka, na "regere", kunyoosha au kuongoza. Kutoka hapo wamezaliwa ndugu wengi, "erect", "correct", "direct", na hata "director" anayekukalia ofisini. Waandike pembeni, usiwafuate leo. Anayeanza kazi hii hupotea si kwa kukosa taarifa, bali kwa kufuata kila ndugu hadi saa nane usiku.

Katika kila daraja jibu maswali mawili tu: sauti imebadilika vipi, na maana imebadilika vipi? Kati ya "alerte" na "alert" Waingereza wamekata "e" ya mwisho, maana haijaguswa. Kati ya "ergere" na "erta" kitendo kimekuwa kitu: kuinua kumezaa kilichoinuka. Kiswahili kimefanya hivyohivyo, kuinuka kukazaa mwinuko, kwa hiyo daraja hilo halipaswi kukutisha. Daraja lenye kazi ni lile la katikati, nalo tumelitengea hatua yake.

Hatua ya 4: Vunja neno panapovunjika

Huu ndio mtego niliousema.

Ukiona "alert", jicho la Mswahili linaenda moja kwa moja kwenye "al". Na lina sababu. Tuna alasiri, alfajiri, Alhamisi, na zote zimebeba "al" ya Kiarabu ambayo imeganda mpaka hatuisikii tena. Siku inaitwa Alhamisi, lakini mtoto aliyezaliwa siku hiyo anaitwa Hamisi. "Al" imebaki kwenye kalenda. Kiingereza nacho kina "algebra" na "alcohol" kutoka Kiarabu kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema "alert" ni Kiarabu hajakosea kwa uvivu. Amekosea kwa sababu amesimama kwenye sauti na hakushuka ngazi.

"Al" ya "alert" ni ya Kiitalia. "A" ni kwenye au kuelekea, "la" ni kijineno kinachotangulia nomino ya kike, na mbele ya irabu vinabanana kuwa "all'". "All'erta" ni "kwenye mwinuko". Sisi tungemaliza kwa neno moja: mwinukoni.

Sasa mvutie picha askari. Kambi iko bondeni, adui hajulikani yuko wapi, na anayetakiwa kuona mbali hawezi kukaa kwenye hema. Anapanda. Aliye mwinukoni ndiye aliye macho, na hatimaye kusema "mwinukoni" kukawa ndiko kusema "uwe macho". Waitalia bado husema "stare all'erta", kukaa macho, na hawafikirii kilima hata kidogo.

Wafaransa walipolichukua, waliandika "à l'erte", maneno matatu. Lakini "erte" peke yake haikuwa na la kuwaambia Wafaransa wengi, ikaungana na vijineno vilivyoitangulia, wakapata neno moja, "alerte". Jambo hili si la ajabu. Wakongo wanaosema Kilingala walichukua "l'hôpital" ya Kifaransa pamoja na "l" yake, wakapata "lopitalo". Neno la kukopa huingia nyumbani na viatu vyake.

Ndugu pacha wa "alert" ni "alarm". Kiitalia "all'arme", kwenye silaha! Ujenzi ni uleule, "all'" na nomino. Mmoja anasema pandeni mkaangalie, mwingine anasema shikeni silaha, amefika. Wanafunzi wanaochanganya maneno haya mawili huwa hawayachanganyi tena wakishajua hili, na nadhani ndiyo faida kubwa kuliko zote ya somo hili zima.

Hatua ya 5: Pima tarehe

Kando ya kila umbo andika wakati lilipokutwa kwanza kwenye maandishi. Kwa Kiingereza, "alert" linaonekana mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, kwanza kama namna ya kusema kwamba mtu yuko kwenye ulinzi. Nomino imezoeleka karibu na mwaka 1800. Kitenzi, kile cha kuwaarifu polisi, ni cha karne ya 19.

Tarehe hiyo si siku ya kuzaliwa kwa neno. Ni siku neno lilipopigwa picha mara ya kwanza. Watu huenda walilisema miaka mingi kabla mtu hajaliandika.

Kazi ya tarehe ni kuua hadithi za uongo. Mtu akikuambia neno la Kiingereza la mwaka 1600 limetokana na ufupisho wa herufi za jeshi la Marekani, huna haja ya kubishana naye kuhusu sauti. Marekani haikuwepo.

Hatua ya 6: Uliza nani alilibeba

Maneno hayasafiri yenyewe. Yapo mgongoni mwa mtu: mfanyabiashara, padri, baharia, askari. Kwa "alert" ni askari. Kati ya mwaka 1494 na 1559 wafalme wa Ufaransa walipigana vita mfululizo Italia, na vita hivyo vilirudi Ufaransa na msamiati wa jeshi. Angalia Kifaransa "soldat" kutoka "soldato", "infanterie" kutoka "infanteria", "colonel" kutoka "colonnello", "sentinelle" kutoka "sentinella". Baadaye Kiingereza kikachukua kutoka Kifaransa. "Alert" limekaa katikati ya kundi hilo kama mtu aliyekuja na kikosi chake.

Ukipata kundi namna hii, andika. Neno moja lenye njia fulani ni dai. Maneno matano yenye njia ileile, kazi ileile na zama zilezile ni ushahidi.

Hatua ya 7: Tenganisha asili na maana

Hapa ndipo wanaojiona wameiva huharibu. Wakishajua mwinuko, wanaanza kuwaambia watu kwamba "alert" maana yake "halisi" ni kuwa juu ya kilima. Siyo. Hakuna nesi wa zamu anayefikiria kilima anapoandika "alert" kwenye faili. Kwake ni daraja la kwanza la kipimo cha fahamu kiitwacho AVPU: mgonjwa yuko macho mwenyewe. Daraja la pili anaitikia sauti, la tatu anaitikia maumivu, na la nne haitikii chochote. Maana ya neno ni kazi linayofanya leo mahali lilipo.

Sisi wenyewe tuna mfano mkali zaidi. Neno gereza limetoka Kireno "igreja", ambalo ni kanisa. Jaribu kumwambia mfungwa kwamba kwa maana halisi yuko kanisani.

Maana pia hupinda njiani kabla ya kufika kwetu. Samuel Johnson, katika kamusi yake iliyochapwa London mwaka 1755, aliipa "alert" maana mbili. Ya kwanza ya kijeshi, aliye kwenye ulinzi na tayari kuitwa. Ya pili ya mtaani, mtu mwepesi mwenye kiherehere, na akaongeza kwamba imebeba dharau kidogo. Dharau hiyo leo imekufa. Mwenye kuambiwa "alert" anasifiwa. Na kuhusu asili, mzee Johnson aliteleza kabisa: alitaja neno la Kilatini lenye maana ya uchangamfu, kisha akasema yaelekea zaidi ni Kifaransa "à l'art", yaani kwa kufuata kanuni ya ufundi. Linasikika vizuri. Ni kisio la sikio. Namtaja ili ukiteleza ujue uko na nani.

Hatua ya 8: Lipange na majirani zake wa maana

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo itakayokusaidia unapoandika Kiingereza. Tafuta maneno mengine ya kuwa macho, uone kila moja linatazama kutoka wapi.

"Vigilant" ni la kutolala. Kilatini "vigilare" ni kukesha, na kutoka hapo Kiingereza kina "vigil", ambalo kanisani ni mkesha. Kiswahili na Kilatini cha kanisa vimekutana hapa bila kuombana: kukesha kukawa jina la usiku wa kuamkia sikukuu. Kaisari Augusto alipounda kikosi cha kuzima moto na kulinda Roma usiku, mwaka 6 baada ya Kristo, watu wake waliitwa "vigiles", wakeshaji. "Surveillance" nalo ni mjukuu wa kitenzi hichohicho kupitia Kifaransa.

"Watch" na "wake" ni ndugu ndani ya Kiingereza cha kale; baharia akisema "watch" anasema zamu.

"Wary", "aware" na "beware" ni ukoo mmoja, wa hadhari.

Kwa hiyo aliye "vigilant" hasinzii muda mrefu, aliye "wary" anashuku, aliye "alert" yuko tayari sasa hivi. Askari wa getini anaweza kuwa "vigilant" usiku kucha na bado asiwe "alert" lori linapofika saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu amechoka.

Ukikwama

*Kamusi mbili zinatoa tarehe tofauti.* Kwa "alert" hili litakukuta: moja itasema miaka ya 1590, nyingine 1618. Angalia kama zote zinapima kitu kimoja. Mara nyingi moja inahesabu msemo, nyingine kivumishi. Kama bado zinapishana, andika zote mbili.

*Kamusi inasema asili haijulikani.* Iamini. Neno "dog", la kila mtoto wa chekechea, limewashinda wataalamu. Limekutwa kwenye Kiingereza cha kale kama "docga" na njia inaishia hapo. Usijaze pengo kwa sababu linakukera.

*Umepata hadithi tamu ya herufi.* "News" si kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Ni "new" kwenye wingi, mambo mapya. Ukiambiwa neno la zamani ni kifupi cha herufi, rudi hatua ya 5. Vifupisho vinavyotamkwa kama neno vimeshamiri karne ya 20.

*Neno la Kiswahili linafanana mno na la Kiingereza.* "Kata" na "cut" zina sauti karibu na maana ileile, na hazina undugu. Kata ni la Kibantu, na jamaa zake wamejaa kutoka huku hadi kusini mwa Afrika. Kufanana bila njia ya kusafiria ni bahati tu.

*Matokeo ya utafutaji yanakuletea Kanada.* Umekutana na Alert, kituo kilicho kaskazini ya mbali kuliko makazi yote ya kudumu duniani. Kimeitwa kwa jina la meli ya Kiingereza, HMS Alert, iliyopitisha majira ya baridi karibu na hapo mwaka 1875 hadi 1876. Meli iliitwa kwa kivumishi. Kwa hiyo umezunguka Ncha ya Kaskazini ukarudi hatua ya 1.

*Programu ya simu imekupa asili bila tarehe wala daraja.* Ichukulie kama umeambiwa na dereva wa daladala: huenda ni kweli. Chora ngazi mwenyewe kisha ulinganishe.

*Huna intaneti.* Kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza ya maktabani, hata iliyochakaa, inatosha kwa hatua ya 2 na ya 3. Asili ya "alert" haijabadilika tangu ilipochapwa.

Kwa zoezi, chukua "scout", ambalo tumeshalifanya letu, skauti. Shuka ngazi yake kupitia Kifaransa cha kale mpaka Kilatini. Nakudokezea kitu kimoja: huyu hakuanza na jicho. Alianza na sikio.